Kila Mtu Aliitwa Baba

Neno la kwanza la Melisa lilikuwa baba, na tangu siku hiyo mama yake hakupata raha.

Alilisema asubuhi moja ya mwezi wa pili, theluji bado iko juu ya paa, kijiko cha mtindi kimefika nusu ya safari ya kwenda mdomoni. "Baba," akasema, kisha akapiga meza kwa kiganja kama mtu anayefunga kesi. Zlatina, aliyeshika kijiko, alikuwa hajalala vizuri tangu mtoto aanze kuota meno. Mkwe wake, mzee Ismet, alikuwa anachochea jiko la kuni. Akaachia chuma kikalia sakafuni.

"Umesikia?"

"Nimesikia."

"Anamwita baba yake! Binti, mpigie Ferdi simu sasa hivi, kabla mtoto hajasahau!"

Ferdi alikuwa Ujerumani, juu ya jukwaa la ujenzi, brashi ya rangi mkononi. Akataka neno lirudiwe. Melisa akaitazama simu, akailamba.

Sasa ieleweke. Ismet ni Mturuki wa hapo hapo Gorna Lipa, kijiji cha wakulima wa tumbaku milimani kusini mwa Bulgaria, na kwa Waturuki baba ni baba, kama ilivyo kwetu Waswahili. Zlatina ni Mbulgaria, na kwa Wabulgaria baba ni bibi, mwanamke mzee mwenye kitambaa kichwani na pipi mfukoni. Watu hawa wameteka maji kwenye chemchemi moja tangu enzi za mababu, wamezikana na kuchangiana chumvi, lakini neno hilo dogo kila mmoja bado analivutia kwake.

Mchana wa siku ile Zlatina alipanda na mtoto hadi kwa mama yake, Tsona, anayekaa mwisho wa barabara ya juu. Melisa akafika, akamwona paka, akasema, "Baba."

Tsona akaangua kilio.

"Ameniita! Hajamwita mtu yeyote duniani, kaanza na mimi!"

"Mama, alikuwa anamtazama paka."

"Na paka alikuwa wapi? Si mapajani mwangu?"

Kufika mwezi wa tatu Melisa alikuwa ameshawaita baba jiko, bata bukini wa jirani, redio na viatu vya babu yake. Kila alipofungua mdomo kulikuwa na mtu wa kudai kwamba ameitwa. Ismet alidai kwa niaba ya mwanawe, Tsona alidai kwa niaba yake mwenyewe. Aliyekesha, aliyefua, aliyenyonyesha huku mtindi ukimgandia nywele, huyo hakuwa na jina. Melisa akimtaka mama yake hakusema neno. Alipiga yowe tu.

Zlatina hakuwa mtu wa kulalamika. Alikulia kwa mama mjane, akamaliza shule, akashona mashati katika karakana ya mjini. Njiani kwenda huko ndiko alikozoeana na Ferdi, yeye akienda kushona na Ferdi akienda kupaka rangi. Tsona alipokataa habari za posa, Zlatina alifanya walichofanya wasichana wengi kabla yake: jioni moja alipanda baiskeli ya mama yake, akateremka nayo hadi kwa Ismet, akaingia getini, akabaki.

Mambo hayo yana dawa yake ya tangu zamani. Baba wa kijana huchukua chupa ya rakia, ile pombe kali ya zabibu, akaenda kwa wazazi wa binti, akavua kofia, akasema, "Wakwe, tumekosa." Wananuna kidogo, wanakunywa, yanakwisha. Kwao hayakwisha. Tsona alisema Ismet hakuja kamwe. Ismet aliapa alikwenda, hakukuta mtu, akaiacha chupa juu ya ukuta.

"Chupa gani?" Tsona aliuliza kila mara. "Ukuta wangu una mijusi tu."

"Mwambie mama yako mijusi wake ni walevi," Ismet alijibu.

Nani aliyepandisha na kuteremsha maneno hayo? Zlatina, mtoto mgongoni. Kwa miaka miwili Tsona hakuvuka geti la Ismet hata siku ya kuzaliwa mjukuu, na Ismet hakukanyaga barabara ya juu. Siku ya harusi mzee alikuwa amemwambia Zlatina, "Sasa mimi niite baba." Naye, kwa bahati mbaya, alicheka, maana mbele ya macho yake alimwona Ismet na masharubu yake yote akiwa amefungwa kitambaa cha bibi. Mzee hakucheka. Mpaka leo Zlatina anamwita "mzee" tu, na kila akimwita anaona kidonda kile hakijapona.

Yote hayo angeyavumilia kama si basi la Jumapili. Ferdi alikuwa amepata chumba chenye dirisha na jiko, na Jumapili ya mwisho wa mwezi wa tatu Zlatina na Melisa wangemfuata. Nguo zilikwisha kukunjwa. Kilichomnyima usingizi hakikuwa Ujerumani, ni hii barabara moja yenye wazee wawili, huyu juu na huyu chini, na katikati hakuna mtu. Mwezi wa kwanza Ismet alikuwa ameteleza kwenye barafu karibu na geti, akalala pale nyonga imekufa ganzi, hadi Zlatina alipotoka kumwaga maji akamkuta, masharubu yameganda. Akiondoka yeye, nani atatoka kumwaga maji?

"Kabla ya Jumapili mama aingie getini," alijiambia. "Mara moja tu. Akishaingia mara moja, ya pili haitakuwa na uzito."

Alhamisi, Melisa akatembea.

Zlatina alikuwa nje anaanika. Alisikia Ismet anapiga kelele, akakimbilia ndani mkono mmoja umeshika soksi, akamkuta mtoto amekaa sakafuni na mzee amepiga magoti.

"Kaja kwangu! Kaacha kiti, kaja, huku anasema baba!"

"Nami sikuona," Zlatina akasema.

"Utaona kesho."

"Kesho si ya kwanza, mzee." Akairusha soksi mezani. Hakuwahi kurusha kitu mbele yake. Ismet akaiokota, akaikunja taratibu, akatoka kwenda kuangalia mbuzi.

Mtoto akianza kutembea, Wabulgaria humkandia mkate wa mviringo, ukaviringishwa sakafuni naye akaufuata. Waturuki humfunga miguu kwa uzi, mtu akaukata kwa mkasi, asije akajikwaa maishani. Zlatina aliona hapo ndipo pa kuwakutanishia, mkate na uzi jikoni mwa Ismet. Akapanda kwa mama yake.

"Mkate utakandwa hapa," Tsona akasema. "Mlete mtoto."

"Mama, mkate hukandwa pale miguu ilipotembea. Umenifundisha mwenyewe."

"Tutasema ametembea hapa."

"Tutamwambia nani? Mkate?"

Tsona alijua hilo si la kufanyia mzaha. Kisha akasema, "Mimi kwa yule mfuga mbuzi siingii. Avue kofia kwanza."

"Basi nitaukanda mwenyewe, unga wa dukani na maji ya bomba."

"Maji ya bomba!" Tsona akashika kifua. "Unataka mtoto awe na miguu ya bomba? Mkate wa hatua hukandwa kwa maji ya kimya, we msichana! Wewe ulitembea kwa maji ya kimya, na mama yangu hivyo hivyo!"

"Ndiyo nikatembea mpaka kwa Ismet," Zlatina akasema, akabeba mtoto wake, akateremka macho yamejaa machozi ya hasira. Siku tatu zimebaki. Fahali wawili hawa, na nyasi ni yeye.

Jumamosi asubuhi matope yaliyoganda yalikuwa yameanza kuyeyuka, na Ismet alikuwa getini anapogoa mzabibu. Zlatina alikuwa jikoni, Melisa ndani ya karai, povu mpaka masikioni. Alipoinua macho dirishani, alimwona mama yake anapanda kutoka chemchemi, ndoo ya shaba mkononi, midomo imebanwa kama mfuko uliotiwa kamba.

Alielewa mara moja. Tsona alikuwa ameshindwa kuvumilia habari ya bomba. Amekwenda kuteka maji ya kimya mwenyewe, na sharti la maji hayo linajulikana kwa kila mtu pale: tangu ndoo inapojaa mpaka maji yamwagwe kwenye chano cha kukandia, mbebaji haneni hata neno moja, na ndoo haiwekwi chini. Ikibidi kupokewa, ipokewe na damu yako. Shauri la Tsona lilikuwa wazi: atasimama nje ya geti, Zlatina atatoka, ataipokea, yeye atapanda zake.

Ila Zlatina hakuwa nje. Aliyekuwa nje ni Ismet.

Tsona akasimama. Kuita hawezi. Kuweka ndoo hawezi. Kumpa Ismet, afadhali aimwage. Akainua macho dirishani.

Zlatina alikwisha kumkamata Melisa ili atoke naye mbio, amefungwa taulo. Akafika mlangoni, akashika kitasa. Hapo mkono ukasita. Akitoka, ataipokea ndoo. Akiipokea, mama ataondoka, na kesho ni basi. Akakiachia kitasa, akarudi nyuma ya pazia, mtoto mwenye povu kifuani.

"Aa, mkwe!" Ismet alikuwa anasema huko nje. "Karibu."

Kimya.

"Hujambo?"

Kimya. Ismet akaitazama ndoo, akaitazama midomo. Amekaa na Wabulgaria miaka sitini na tano, hakuhitaji kuambiwa. Masharubu yakaanza kupanda upande mmoja. Akautundika mkasi kwenye mzabibu.

"Kumbe maji ya kimya. Basi mkwe, leo Mungu amenipa zamu."

Tsona akamkazia jicho ambalo lingeweza kukausha maziwa ya mbuzi.

"Miaka miwili unaniita mwizi. Nimeiba nini? Binti alikuja mwenyewe, tena kwa baiskeli yako. Ipo bandani, naitia mafuta, haina hata kutu. Umewahi kuiulizia? Hujaulizia. Na chupa nilileta! Niliiweka juu ya ukuta, upande wa mtini. Mbwa wako akanichana suruali, suruali mpya ya harusi ya mwanangu! Unasemaje? Huna la kusema? Ajabu hii!"

Ndoo ilianza kutetemeka. Maji yakaruka kidogo yakamlowesha kiatu.

"Na hili la baba. Hivi nyinyi, mkwe, kila kitu chenu ni baba! Hata mwezi wa tatu mna Baba Marta, mnamfungia uzi mkononi asiwaletee baridi, na baba mwenyewe mwanamke! Mtoto anamwita baba yake, wewe unasema wewe. Una masharubu?"

Nyuma ya pazia Zlatina aliuma taulo. Alitaka kucheka na alitaka kumrushia mkwe wake karai. Anaharibu! Amempata mama yake mdomo umefungwa kwa mara ya kwanza maishani, naye anaharibu!

Kisha sauti ya Ismet ikashuka, ikabidi Zlatina asogeze sikio kiooni.

"Jumapili wanakwenda, mkwe. Mwezi wa kwanza nilianguka hapo hapo ulipokanyaga. Nililala kwenye barafu, nikautazama moshi wa nyumba yako. Nikasema, yule mwanamke akitoka tu kuchukua kuni ataniona. Ukatoka. Ukachukua kuni. Ukaingia." Akavua kofia, akaikuna kana kwamba ndiyo inayowasha, si kichwa. "Sikuita. Ningeweza kuita. Niliona aibu."

Tsona hakumkazia jicho tena. Alikuwa anatazama chini, pale kwenye matope.

Ismet akafungua geti, akasimama kando. Kofia bado ilikuwa mkononi.

Tsona akatazama dirishani kwa mara ya mwisho. Na Melisa, aliyechoka kubanwa, akakipiga kioo kwa kiganja. "Baba!"

Pazia likatikisika. Zlatina akachuchumaa chini ya dirisha kama mwizi wa kuku, lakini alijua amechelewa. Mama yake amemwona. Sasa ataimwaga ndoo, atapanda zake, na ubaya wote utakuwa wake yeye.

Akasikia hatua. Zilikuwa nzito, za mtu aliyebeba kitu na aliyekasirika. Zilipita uani, zikapanda ngazi. Mlango ukafunguliwa kwa bega. Tsona akampita bintiye aliyechuchumaa bila hata kumtupia jicho, akaenda moja kwa moja kwenye chano, akamimina maji yote mpaka tone la mwisho, akaweka ndoo chini, akanyoosha mgongo, akageuka mlangoni alikosimama Ismet.

"Chupa niliiona!" akapasuka. "Niliiona siku ile ile! Niliisugulia magoti! Na ilikuwa rakia mbovu, Ismet, hata magoti hayakuipenda!"

"Rakia yangu mbovu?"

"Ina harufu ya mbuzi!"

"Kwa hiyo uliiona!"

"Nani aliyesema sikuiona?"

"Wewe! Miaka miwili! Mijusi!"

"Ungebisha hodi ya pili! Mtu mzima anaacha chupa ukutani kama paka aliyeacha panya? Na ungeita! Umelala kwenye barafu, una mdomo, ungeita! Mimi ni mnyama nisitoke?" Hapo akamgeukia Zlatina. "Na wewe inuka hapo. Mtoto amelowa. Unga uko wapi?"

Zlatina akainuka. Akamvalisha mtoto, akaleta unga, akakunja mikono ya gauni. Tsona akamsukuma kwa kiuno.

"Toka. Unakanda kama unafua soksi."

"Hamira iko kabati la juu," Ismet akasema.

"Nani amekuuliza? Hiyo chumvi ya kijivu ndiyo mnayokula? Ndiyo maana mtoto hana nyama."

"Mtoto ana nyama kuliko wewe."

Zlatina akajikuta nje, kwenye ngazi za jikoni kwake mwenyewe, Melisa mapajani. Miaka miwili amekuwa mfereji wa maneno yao, akipanda nayo na kuteremka nayo, akichuja makali yasimkate huyu wala yule. Leo wanasemezana wenyewe, mabaya kuliko yote aliyowahi kuwachujia, na jiko halijaungua. Angefurahi. Badala yake alitaka kuvunja kitu. "Kumbe mngeweza," akausemea mlango. "Kumbe siku zote mngeweza." Mlango haukumjibu, walikuwa wanagombana kuhusu moto.

Mkate ulipoiva walimwita kama mgeni. Ismet hakuwa na uzi, akaomba ule mwekundu na mweupe uliokuwa mkononi mwa Zlatina, uzi wa Baba Marta. Tsona akafungua mdomo, akaufunga. Wakamfunga Melisa miguu, Ismet akaukata kwa mkasi wa mzabibu, akanong'ona dua yake. Tsona akafanya ishara ya msalaba, akauviringisha mkate.

Aliusukuma kwa nguvu mno. Ukakatiza jiko, ukavuka kizingiti, ukashuka ngazi, kila ngazi na mdundo wake, hadi uani matopeni, wazee wawili nyuma yake, "Ushike! Ushike wewe, mguu wangu!" na mbuzi wanatazama. Melisa akasimama peke yake jikoni. Akapiga hatua moja, nyingine, na nyingine, mpaka kizingitini, akanyoosha kidole.

"Baba!"

"Ameniita mimi!" Tsona akapaza sauti kutoka matopeni.

"Anamwita baba yake!"

"Ameuita mkate!" Zlatina akapiga kelele. Hata yeye hakujua ana sauti hiyo. Bata bukini wa jirani wakanyamaza. "Ameuita mkate! Na jana aliita redio! Na mimi hajaniita chochote, na wala simdai!"

Wakabaki wamemtazama, mkate wenye matope katikati yao.

"Mkwe," Ismet akasema mwishoni, polepole, "huyu binti ana sauti yako."

"Ana sauti ya mama yangu," Tsona akajibu. "Leta kisu, tuukwangue."

Waliula na jibini na asali, sehemu zilizokwanguka vizuri. Jioni Ferdi akapiga simu, akauliza kama mtoto amesema baba, na Zlatina akamwambia atamsimulia akiwa na nguvu. Tsona akaondoka kabla ya giza, bila kuaga vizuri, akisema magoti yanamuuma na rakia ndiyo imemharibu.

Zlatina alipokuwa anafagia unga ndipo alipoiona ndoo ya shaba, nyuma ya mlango, imefunikwa kitambaa. Akainyakua, akatoka nayo mpaka ngazini. Mama yake bado alionekana, anapanda barabara taratibu, mikono mitupu. Akafungua mdomo kumwita.

Mama yake hajawahi kusahau kitu maishani mwake, hata kijiko.

Zlatina akaufunga mdomo. Akarudi ndani, akaiweka ndoo pale pale nyuma ya mlango, akaifunika, akaenda kufua soksi za mwisho za safari.